Nimeitwa babu kwenye maiki kisa kuomba muziki wa transi!!!

Mzee wa Spika
Wakuu, nimetoka klabu sasa hivi, masikio bado yanalia, na jina la DJ siliandiki kwa sababu hana haja ya kuandikwa. Mnamjua. Yule wa kofia. Yule wa upande wa Kabalagala, Kampala, ambaye zamani akisimama kwenye mitambo hata mlinzi wa getini anaacha kupekua watu.

Yaani mimi, MIMI, niitwe babu kwenye maiki!

Nimelipa kiingilio changu chote, nimevaa vizuri, nimekaa kwa adabu. Usiku kucha ni logi dramu, ile besi ya amapiano. Dum. Dudum. Dum. Wimbo ukiisha hujui kama umeisha, maana unaofuata ni uleule. Nikavumilia. Mwishowe nikamfuata, nikamwambia taratibu: ndugu, tupigie hata moja ya transi, zile za kipindi kile DJ Tiësto anapiga uwanjani Athens kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya 2004. Jamaa akanitazama kuanzia viatu kupanda juu. Akashika maiki. "Kampalaaa! Kuna babu hapa anataka nyimbo za matanga!"

Nyimbo za matanga!

Klabu nzima ikaangua kicheko. Hadi mhudumu aliyekuwa na chenji yangu mkononi. Hadi simba aliyechorwa ukutani, naapa, nilimwona meno.

Msidhani iliishia hapo. Akaipiga kweli! Nikasamehe kila kitu, nikafumba macho. Mnajua transi inavyokwenda, haina haraka na mtu: inakupandisha polepole, ngoma zinatolewa, kinabaki kinanda peke yake, unabana pumzi unangoja ngoma zirudi zikupige kifuani... AKAKATA. Akakata, jamani! Palepale inapotaka kudondoka! Kisa meza ya mheshimiwa imeletewa chupa zenye fataki. "Hepi bathdei mheshimiwaaa!" King'ora. Halafu logi dramu. Nimebaki mikono juu kama mtu aliyekamatwa na askari wa doria. Nilizeeka palepale, ubabu ukanikuta nimesimama.

Na huyu ndiye aliyetufundisha kusikiliza! Enzi zile anakuja na sanduku la santuri kwenye boda, mashine mbili za Technics, hedifoni sikio moja, analinganisha mapigo kwa sikio lake mwenyewe, hakuna skrini ya kumnong'oneza. Wimbo dakika nane haugusi. Hasemi neno hadi kunakucha! Sasa hivi ana flashi moja mfukoni, mashine inamlinganishia yenyewe, mikono imebaki na kazi ya kupunga. Na mdomo. Banange, ule mdomo! Siku hizi si DJ, ni VJ wa kibanda cha sinema, anatutafsiria wimbo mstari kwa mstari, hata usiokuwa na maneno.

Nyimbo za matanga. Matanga gani hayo yanakwenda mapigo 138 kwa dakika? Marehemu si atainuka?

Nataka anirudishie kiingilio na heshima yangu. Kiingilio kwanza.

Chapati Mbili
Shikamoo babu.

Nalongo wa Bweyogerere
Atakuitikiaje na bado yuko mikono juu? 😂😂

Chapati Mbili
Halafu umejiita mwenyewe MZEE wa Spika. Jamaa amekupandisha cheo tu, unalia nini?

Tekno Ngumu
Eti transi. Ninyi wa transi ndio mliotuharibia mambo. Muziki ulikuwa tekno ya Detroit, Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, mashine za ngoma za Roland zinagonga, hakuna kinanda cha kuliliza watu. Na huyo Tiësto wako mwenyewe aliitupa transi miaka mingi, akahamia nyimbo za redioni. Mfuate naye umdai kiingilio.

Mzee wa Spika
Tiësto hajaniita babu.

Msafiri wa Busia
Mimi niseme ukweli. Hiyo logi dramu mnayoitukana ni ya ukoo mmoja na nyimbo zenu. Hausi ilianzia Chicago, DJ Frankie Knuckles akiwa pale klabu ya Warehouse, ikasafiri hadi Afrika Kusini. Vijana wa vitongoji vya Gauteng wakakua nayo, wakaipunguza mwendo hadi mapigo 110 na kitu, wakatuletea amapiano. Kwa hiyo jana babu umemkana mjukuu wako mbele za watu.

Nalongo wa Bweyogerere
Babu kamkana mjukuu!! 🤣 Nimemwaga chai.

Mzee wa Spika
Mjukuu gani anakata wimbo palepale unapotaka kudondoka? Msinitoe kwenye mada. ALIKATA. Sekunde mbili tu angengoja, mheshimiwa angekufa?

Sauti ya Nile
Mkuu, 2013 kule Miami DJ Avicii alipanda jukwaa la tamasha la Ultra na watu wa banjo na kantri. Waliokuja kuruka wakanuna, mitandaoni akatukanwa kwamba ameua muziki. Mwaka haujaisha, "Wake Me Up" yake iko hadi kwenye takisi na walewale wanaiimba kwa sauti. Wewe shida yako si DJ, ni ujana wako umekwenda na humwoni wa kumdai.

Mzee wa Spika
Kwani Avicii aliukata katikati?

Chapati Mbili
Babu, njoo Jinja kwenye tamasha la Nyege Nyege usikie singeli za vijana wa Dar. Mapigo 200 na ushee. Baada ya wimbo mmoja utaomba nyimbo za matanga mwenyewe, na wewe ndiye utakuwa marehemu.

Afande Mstaafu
Mimi naunga mkono mleta uzi. Kila kitu siku hizi kina king'ora. Nilikuwa msikilizaji wa redio tangu Sanyu na Capital zilipokuja 1993, mtangazaji alikuwa anangoja mwimbaji amalize. Sasa anaanza kuongea wimbo ukianza, ananyamaza tangazo likianza.

Nalongo wa Bweyogerere
King'ora msiniambie! Kwanjula ya mdogo wangu, ile sherehe ya kumtambulisha muoaji: wazee wamekaa, kimya kimetanda, ssenga, yaani shangazi, anapita kwenye hema la wageni kumtafuta muoaji wetu. DJ akabonyeza. Pwaaa pwa pwa pwaaaa! Ssenga alishtuka, lile ua la muoaji akamchomeka dereva wa koasta. Na dereva akanyanyuka! Akapiga magoti! Tulichukua muda mrefu kumshawishi aketi.

Tekno Ngumu
Huyo dereva ana nyota. Mngemwacha.

Afande Mstaafu
Afadhali yenu. Kwetu DJ alikula kabla ya wakwe, akala pamoja na wakwe, akala na waosha vyombo, na usiku akaondoka na jogoo wa muko, kaka wa bi harusi.

Sauti ya Nile
JOGOO WA MUKO??

Nalongo wa Bweyogerere
Haki ya Mungu hiyo ndoa haijakamilika. Muko hajala jogoo wake, hapo dada bado ni wa nyumbani.

Mzee wa Spika
Jamani, uzi wangu. Nilikuwa nasema alikata.

Nalongo wa Bweyogerere
Babu tulia kidogo. Afande, jogoo alirudi?

Afande Mstaafu
Tulimpigia simu. Anasema alimchukua badala ya salio lake, maana tulikuwa hatujammalizia.

Chapati Mbili
Mlikuwa mmemmalizia?

Afande Mstaafu
Spika moja ilikuwa mbovu! Nusu ya hema wanacheza, nusu wanawatazama wanaocheza. Utamlipa mtu hela zote kwa hilo?

Msafiri wa Busia
Kwa hiyo mlimlia kazi yake, naye akamla jogoo wenu. Mimi simwoni mwizi hapo, naona biashara.

Tekno Ngumu
Biashara ya jogoo wa kimila? Huyo alipe faini kwa ukoo mzima. Na yule mwenzake wa Kabalagala naye achunguzwe, huenda ana kuku wa watu.

Afande Mstaafu
Tulimnunulia muko jogoo mwingine, akamkataa. Anasema ni wa kizungu, hawiki.

Chapati Mbili
Haki yake. Jogoo wa kienyeji siku hizi anakwenda bei gani huko Kampala? Huku kwetu tunanunua yai, tunangoja.