Kula Kihindi: bufee, menyu au kupika mwenyewe?

Mlafi_Mstaarabu: Wakuu, jana nilimtoa mke wangu tukale Kihindi, tumerudi na njaa yetu. Tuliagiza korma ya kuku, butter chicken na rogan josh ya mbuzi. Sahani tatu, rojo moja! Ningefumba macho nisingejua nakula ipi. Naan, ule mkate bapa wao, ilikuja imepoa, unaivuta kwa meno kama ngozi. Biriani ndiyo iliyoniuma zaidi: wali uliopakwa rangi ya njano mwanzo mwisho, nyama imevalishwa juu kama kofia. Sasa, siku nyingine nijaribu bufee, niagize kwenye menyu ya mgahawa mwingine, au nipike?

BibiKarafuu: Pole mwanangu. Majiko mengi hupika sufuria kubwa ya vitunguu, nyanya, tangawizi na saumu, ndiyo mama wa michuzi yote. Si dhambi, ila baada ya hapo kila mchuzi ukaangiwe viungo vyake. Korma yataka mtindi, hiliki na korosho za kusaga. Rogan josh wekundu wake hutoka kwenye pilipili ya Kashmir, yenye rangi kuliko ukali. Huyo mpishi wenu kamwaga krimu, kamaliza.

Sahani_Mbili: Bufee mkuu. Unaona kwanza, ndipo unapakua. Kibaya unakiruka.

Tawa_la_Chuma: @Sahani_Mbili kwa dal makhani nakuunga mkono. Zile choroko nyeusi hupikwa saa nyingi kwa moto mdogo, na zikikaa zinazidi kunoga. Lakini naan? Tanduri, lile tanuri la udongo, hupita nyuzi 400, inaiva dakika moja au mbili, na ikikaa mezani robo saa ni kandambili. Dosa, ile chapati nyembamba ya mchele, ndiyo kabisa, bila kutoka kikaangoni moja kwa moja haina maana.

Sahani_Mbili: Haya, naan nimekubali. Dosa sijawahi kuila, nanyamaza.

BibiKarafuu: Na biriani uliza kabla ya kuagiza: ni ya dum, yaani iliyoivia kwa mvuke wake ndani ya sufuria iliyozibwa? Ile ya Hyderabad inayoitwa kacchi, nyama mbichi iliyolala kwenye mtindi na viungo hukaa chini, wali ulioiva nusu unatandazwa juu, mfuniko unazibwa kwa unga uliokandwa, mvuke usitoke. Ikipakuliwa utaona punje nyeupe, za njano na za kahawia pamoja. Wali wa rangi moja tupu, jua wameuchanganyia sahanini.

Kidole_Mchuzini: Mleta mada, ulimwambia mhudumu lakini?

Mlafi_Mstaarabu: Aliuliza "chakula kizuri?" nikajibu "kizuri sana." Mke wangu hajanisamehe mpaka sasa.

Kidole_Mchuzini: Basi na wewe una lako. Kwenye mgahawa mgeni mimi huanza na dal, mchuzi wa dengu, na naan tu. Akishindwa hivyo viwili, nalipa naondoka, hizo sahani nyingine za nini?

Tawa_la_Chuma: Nyumbani inawezekana bila tanduri. Pasha chuma cha chapati, lowesha naan maji upande mmoja, ibandike upande huo. Ikianza kufura, geuza chuma chote kichwa chini juu ya moto wa gesi mpaka ipate madoa meusi. Kiwe chuma kitupu, kile kisichogandisha hakiishiki naan.

Mlafi_Mstaarabu: Nimejaribu sasa hivi. Ya kwanza imeangukia motoni. Ya pili mke wangu kaila amesimama hapo hapo jikoni, mchuzi haujaiva.