Naombeni ushauri: kufundisha uundaji wa maneno ya Kiingereza

Habari wakuu. Nafundisha Kiingereza kidato cha tano, na mada ya uundaji wa maneno inanikwamisha sehemu moja. Viambishi wanavishika haraka: happy, unhappy, unhappiness. Kuunganisha vipande nako hakuna shida, smoke na fog zikazaa smog. Hata radar, iliyotokana na herufi za mwanzo, wanaifurahia sana.

Kazi ipo kwenye kunyofoa, yaani kukata kipande cha mwisho cha neno ili kupata neno jipya. Editor lilitangulia, edit likaja baadaye kwa kukatwa mwisho, sawa na burgle kutoka burglar. Lakini teacher limetoka kwa teach! Mwanafunzi ananiuliza atajuaje lipi lilitangulia kama hana kamusi ya asili ya maneno. Ni swali la haki kabisa. Walimu wenzangu, hapo mnawaelezaje wakaelewa?