Nashinda na njaa mchana, usiku nafakamia na kujitapisha: je, huu ni ugonjwa?

Muulizaji, Tanga

Assalaam alaykum, na salamu kwenu nyote. Jambo hili sijamweleza mtu yeyote, hata dada yangu ninayelala naye chumba kimoja. Nina umri wa miaka 26 na nafanya kazi ofisini. Miaka minne iliyopita nilirudi kutoka chuoni nikiwa nimeongezeka mwili, na kwenye harusi ya binamu yangu kila shangazi aliyenishika mkono alikuwa na neno: mmoja alinisifu kwamba nimenawiri, mwingine akauliza kama sare iliyoshonwa itanienea. Nikaanza kupunguza chakula. Kwanza niliacha wali, kisha chapati, kisha chakula chote cha asubuhi, na watu waliponisifu nikaona nimepata njia.

Sasa asubuhi nakunywa chai ya rangi bila sukari. Mchana wenzangu wakiagiza chakula kwa mama lishe, nasema nimefunga au tumbo linanisumbua. Jioni nakula kidogo mbele ya watu, lakini wote wakishalala narudi jikoni. Juzi nilikula kiporo chote cha wali kilichobaki kwenye sufuria, nikakwangua hadi ukoko nikiwa nimesimama gizani, nikamalizia boflo zima na siagi. Ladha sikuisikia, nilichokisikia ni kijiko kikikwaruza sufuria, na hofu kwamba mtu ataamka. Kisha nilifungua bomba la bafuni ili sauti isisikike, nikajitapisha. Asubuhi nilimwambia mama kwamba wali ulichacha nikaumwaga, naye akausikitikia mchele wake. Hali hii hutokea mara tatu au nne kwa wiki.

Mimi si mwembamba, ndiyo maana najiuliza kama kweli ni ugonjwa au ni ulafi na udhaifu wa imani. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba Ramadhani inakaribia, na mwaka jana nilijikuta nikiungoja mfungo kwa sababu hakuna ambaye angeuliza kwa nini sili. Naomba mwenye ujuzi anisaidie.

Aliyepitia, Mombasa

Wa alaykum salaam, dada yangu. Hiyo sufuria naijua. Kwangu ilikuwa kopo la biskuti za wageni ambalo mama alilificha juu ya kabati. Niliishi hivyo miaka sita, na huu ni mwaka wa tano tangu nianze kutoka humo, kwa hiyo niruhusu nikueleze jambo moja ambalo laiti ningeambiwa mapema: shida yako haianzii jikoni usiku. Inaanza asubuhi, kwa ile chai ya rangi.

Mimi nilipigana na usiku. Niliapa, nilimkabidhi mdogo wangu ufunguo wa jikoni, nilipiga mswaki mapema ili nisile tena. Na kila nilipoteleza nilijiadhibu kwa kushinda bila kula kesho yake, jambo ambalo liliandaa kuteleza kwa usiku uliofuata. Mtaalamu wa saikolojia aliyenisaidia hakuugusa usiku huo kwa majuma ya mwanzo. Alinitaka nile asubuhi, mchana na jioni, na kitu kidogo katikati, ili zisipite saa nne nikiwa macho bila kutia kitu tumboni, niwe nasikia njaa au nisiisikie, na hata kama jana yake nilifakamia. Sharti hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Kula kifungua kinywa asubuhi baada ya usiku kama ule uliotueleza ni kama kujizawadia kosa, ndivyo nilivyoona, na ilinichukua muda kuelewa kwamba ndiyo dawa yenyewe.

Alinisimulia pia habari iliyonipunguzia aibu. Kati ya mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea, wote wakiwa wamepimwa na kuonekana wazima wa mwili na wa akili, hadi wakapoteza karibu robo ya uzito wao katika takriban miezi sita. Wanaume wale walianza kuwaza chakula kutwa kucha, baadhi wakakusanya vitabu vya mapishi, wakaramba sahani. Na chakula kiliporudishwa, wapo waliokula kupita kiasi bila kuhisi shibe. Hakuna aliyewaingiza katika mashindano ya urembo, wala imani yao haikuwa na kasoro. Walikuwa na njaa, dada yangu, kama wewe unavyokuwa na njaa ikifika saa tano ya usiku.

Jambo la pili lililonifaa ni daftari. Niliandika saa, nilichokula, mahali nilipokuwa na kilichokuwa moyoni, bila kuhesabu kalori hata moja. Baada ya wiki tatu niliona kwa macho yangu kwamba usiku mbaya ulifuata mchana mtupu, au siku niliyogombana na mtu nikanyamaza. Usiku tamaa ilipokuja nilitoka jikoni nikakaa barazani. Tamaa ile ni kama maji ya pwani, hujaa kisha hupwa, na nilikuwa sijawahi kuyasubiri yapwe.

Muuguzi wa afya ya akili, Morogoro

Ndugu muulizaji, naomba kuongeza upande wa mwili, kwa sababu yapo mambo yasiyosubiri.

Wembamba si kipimo. Ugonjwa unaofanana na unayoeleza, bulimia, ulielezwa na daktari Gerald Russell wa London mwaka 1979, na wengi wanaougua huwa na uzito wa kawaida, ndiyo maana hukaa miaka bila kutambuliwa. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 unazungumzia kufakamia na kujitapisha, au kujifidia kwa namna nyingine kama kufunga au kutumia dawa za kuharisha, angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, pamoja na mtu kujithamini kwa kutazama zaidi umbo na uzito wake. Mwongozo huohuo ndio ulioyatambua rasmi maradhi ya kufakamia bila kujitapisha kuwa ugonjwa unaojitegemea, kwa hiyo asiyejitapisha naye asijione hana haki ya kutibiwa. Jibu kamili atakupa daktari atakayekuona, lakini kwa maelezo yako usikae ukisubiri kukonda ndipo uende.

Kujitapisha hupunguza madini ya potasiamu katika damu, na potasiamu ikishuka sana mapigo ya moyo huvurugika, hata kwa kijana asiye na ugonjwa mwingine wowote. Ukihisi moyo unarukaruka, misuli inakubana au kulegea, ukizimia, au ukiona damu katika matapishi, nenda hospitali siku hiyohiyo. Hata bila dalili hizo, omba upimwe damu kwa ajili ya madini hayo, na umeme wa moyo ikiwezekana. Meno nayo: asidi ya tumbo hula tabaka la juu la jino, na ukipiga mswaki papo hapo unalisugua likiwa limelainika. Sukutua kwa maji, kisha subiri kama saa moja. Na kwa wanaosoma kimya huku wakitumia dawa za kuharisha au zile chai za kupunguza mwili, mjue kwamba dawa nyingi za aina hiyo hufanya kazi katika utumbo mpana, ilhali nguvu ya chakula imekwisha kufyonzwa katika utumbo mwembamba. Mizani ikishuka, kilichopungua ni maji, na madini yaleyale ya kulinda moyo.

Nakuomba pia usiende dirishani ukasema «tumbo linaniuma», kwa sababu utapimwa vidonda vya tumbo, malaria na ujauzito, kisha utarudishwa nyumbani na dawa. Sema waziwazi: «Nakula kupita kiasi usiku, kisha najitapisha, mara tatu hadi nne kwa wiki, na naomba kuonana na mtu wa afya ya akili.» Anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, walioko Dar es Salaam wana idara ya magonjwa ya akili Muhimbili, na walioko Nairobi wana Mathari. Tiba yenye nguvu zaidi ni mazungumzo ya kitaalamu yanayofuata njia aliyoeleza dada wa Mombasa. Ipo pia dawa, fluoksetini, ambayo kwa bulimia hutumiwa kwa kawaida miligramu 60 kwa siku, kipimo kikubwa kuliko kile cha kuanzia sonona, hivyo usiinunue mwenyewe duka la dawa.

Wapo watakaokuambia huu ni ugonjwa wa Wazungu. Huko Fiji, katika mkoa wa Nadroga, televisheni iliingia mwaka 1995, na mtafiti Anne Becker aliwauliza wasichana wa sekondari mwaka huo na tena mwaka 1998. Mara ya kwanza hakuna aliyesema amejitapisha ili apungue. Mara ya pili walikuwa asilimia 11.3. Nao walitoka katika jamii iliyousifu mwili mnene, kama pwani yetu.

Kuhusu Ramadhani, Suratul Baqara aya ya 184 inampa mgonjwa ruhusa ya kutofunga na kutimiza idadi katika siku nyingine. Ugonjwa wa ulaji ni ugonjwa. Pata kauli ya daktari kwanza, kisha mpelekee sheikh unayemwamini, ukimweleza ukweli wote na si nusu yake.

Mama wa watoto watatu, Dar es Salaam

Mwanangu, binti yangu wa pili alipita njia hiyo, na nitasema machache. Sisi watu wazima tuna mdomo. Mtu akinenepa tunamwambia, akikonda tunamuuliza kama anaumwa, na waliozikumbuka siku ukimwi ulipokuwa hauna dawa wanajua swali hilo lilikuwa na maana gani. Nilipojua hali ya binti yangu niliacha kabisa kutaja mwili wa mtu yeyote nyumbani, hata wangu. Na kila baada ya chakula cha jioni nilikaa naye saa nzima. Tulikunja nguo, tulisuka mkeka, tulizungumza habari za majirani, chakula hatukukitaja. Ile saa ya kwanza baada ya kula ndiyo iliyokuwa ikimpeleka bafuni.

Mwambie dada yako. Usitafute maneno mazuri. Mwambie: «Nikila usiku huwa najitapisha, na siwezi kuacha peke yangu.»

Muulizaji, Tanga

Nawashukuru sana. Nilimwambia dada Jumamosi usiku, taa ikiwa imezimwa, kwa maneno yaleyale ya mama. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba bomba lile amekuwa akilisikia tangu mwaka jana, ila alidhani nalia na hakutaka kunivunjia siri. Tulilia wote wawili.

Leo ni siku ya nne nakula asubuhi. Nimekula viazi vitamu viwili na chai ya maziwa, na mkono ulikuwa ukitetemeka nikivimenya. Jumatatu usiku nilifakamia tena, lakini Jumanne asubuhi nilikula. Naomba kumuuliza dada wa Mombasa: je, mwili uliongezeka? Swali hili linanizuia kuliko jambo lolote.

Aliyepitia, Mombasa

Nitakujibu kwa ukweli. Majuma ya mwanzo nilivimba miguu na tumbo likajaa, kwa sababu mwili uliozoea kupoteza maji huyashikilia unapoacha kujitapisha. Baadaye uvimbe uliondoka. Uzito wangu wa leo umezidi kidogo ule niliokuwa nikiupigania, na umetulia hapo bila mimi kuupigania. Mizani nilimpa mwanasaikolojia, akanipima yeye mara moja kwa wiki, na kati ya siku hizo sikuikanyaga. Fanya hivyo nawe: mpe dada yako aifiche leo.

Na hiyo Jumanne asubuhi uliyokula baada ya Jumatatu, iandike kwenye daftari kwa kalamu ya rangi nyingine. Mimi Jumanne yangu ya kwanza ilinichukua miezi miwili kuipata. Umeshapanga siku ya kwenda hospitali?

Muulizaji, Tanga

Alhamisi, saa tatu asubuhi. Dada ameomba ruhusa kazini ili anisindikize, na amesema tutakula kwanza nyumbani ndipo tutoke.