Tupeane uzoefu: shuka, mapazia na leso (kanga) kuukuu, umezishona zikawa nini?

Mkomani_Cherehani
Asalaam aleikum wenzangu, wa Amu (Lamu), wa Malindi na mlio mbali. Kila watu wakisafisha nyumba kabla ya Idi roho huniuma nikiona shuka zinavyotupwa jaani. Nguo ya nyumbani haichakai sawasawa. Palipolaliwa ndipo panapoisha. Kandoni na upande wa miguuni bado nzima. Inyanyueni mbele ya dirisha mtaona wenyewe: katikati mwanga unapita kama kwenye chandarua, pembeni haupiti.

Mimi shuka ya kitanda kikubwa huipasua katikati kwa urefu, nikaigeuza. Kingo mbili za nje nazikutanisha ziwe katikati, pale palipochoka panakwenda pembeni, napapunguza na kupakunja. Ule ukingo wa kiwandani haufumuki, kwa hiyo naulaza mmoja juu ya mwenziwe na kupiga mistari miwili tu, mshono unakuwa bapa na haumuumizi anayeulalia. Sindano nambari 11 na uzi wa pamba. Uzi ukiwa na nguvu kuliko nguo, nguo ndiyo itakayochanika.

Haya, semeni: ilikuwa nini, imekuwa nini, na mlishona vipi?

UkhtiLangoni
Waaleikum salaam dadangu. Mamangu alipofariki alituachia kasha la leso. Baadhi zilikuwa zimelainika hadi ukizikamua zinapasuka, na hakuna kati yetu aliyekuwa na moyo wa kuzifanya matambara. Shangazi yetu aliwahi kuona Mombasa ile kazi ya wanawake wa Bengal iitwayo kantha, ambapo sari kuukuu hulazwa tabaka juu ya tabaka na kushonwa pamoja. Tukasema, mbona leso isiwezekane?

Nilitandika shuka nyeupe ya pamba sakafuni, leso juu yake, nikapiga bandi, ile mishono mikubwa ya kushikiza kwa muda, kuanzia katikati kwenda nje ili isikunjamane. Kisha mkono tu, mishono midogo midogo ikifuata maua ya mji, yaani sehemu ya katikati ya leso, na mistari ya pindo. Cherehani ingeivuta leso iliyochoka. Jina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye leso, sikulikata hata moja. Kila mjukuu alichagua leso ambayo jina lake analipenda, na sasa ndiyo wanayojifunika wakati wa kusi, usiku ukiwa na baridi.

Mkomani_Cherehani
Mola amrehemu mama. Wengi huanza kwa mkasi. Wewe ulianza kwa kuitia nguo nguvu, na hapo ndipo penye kazi yenyewe.

FundiWaBarani
Niko Malindi, shuka zangu nyingi hutoka hotelini, zile wanazoziuza zikishachakaa. Kabla sijakata, nachomoa nyuzi mbili tatu nazichoma kwa kiberiti. Pamba huwaka kama karatasi, na harufu ni ya karatasi, jivu laini. Tetroni (poliesta) huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Hoteli hupenda zilizochanganywa kwa sababu hukauka upesi, kwa hiyo usihukumu kwa macho.

Kujua hivyo kuna faida gani? Kwa vitambaa vya kuipulia sufuria, ni pamba tupu: juu pazia la pamba, ndani taulo kuukuu mara mbili, chini shuka. Tetroni kwenye moto itakuyeyukia mkononi. Ya kuchanganya naipeleka kwenye bitana na mifuko. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku hapa Kenya Agosti 2017, mfuko wa pazia wenye bitana ya shuka haujakosa mnunuzi kwangu. Mkanda wa kushikia ukunje mara nne, na unapoungana na mfuko piga mraba wenye msalaba ndani. Mfuko wa viazi hukatikia hapo, si kwingine.

BintiShela
Na madoa? Nina foronya za bibi zilizotariziwa pembeni, nzuri mno, lakini zina kutu ya kitanda cha chuma.

UkhtiLangoni
Ndimu na chumvi, mwanangu. Paka, anika juani, ikikauka rudia, kisha suuza sana. Usitie dawa ya klorini, kutu huzidi kushika. Ndimu ni kwa nguo nyeupe; ya rangi jaribu kwanza mahali pasipoonekana.

Baharia_Matondoni
La kwangu si la kitandani, mnivumilie. Tanga la marekani, ile pamba isiyopaushwa, likishachoka kwa upepo bado ni kitambaa kizito cha kutosha. Tunashona vifuniko vya magodoro ya barazani na mifuko. Loweka kwenye maji matamu, badilisha, loweka tena. Chumvi ikibaki huvuta unyevu na nguo haitakauka kamwe, ukungu juu. Kona nene nashona kwa shazia, ile sindano kubwa ya mkono, kwingine cherehani yenye sindano 16 au 18.

MamaWatoto_Watamu
Jamani, chandarua kilichotoboka? Nataka nishone kawa ya kufunikia chakula.

Mkomani_Cherehani
Kama ni kile chenye dawa, hapana mama, kisikaribie chakula wala watoto wasikichezee. Kwa kawa tafuta pazia jembamba la ndani, ulioshe vizuri, upindo wake utie lastiki.

MwaniMalindi
Mimi nashona misala, mikeka ya kuswalia. Juu pazia zito, kati blanketi lililopungua manyoya, chini shuka. Nashonea mistari ya mshazari tabaka zote tatu ili blanketi lisikusanyike upande mmoja likifuliwa. Ukingo nauzungushia utepe wa leso uliokatwa mshazari, maana ndio unaopinda vizuri konani. Mwenye mapazia ya rangi ya kijani asitupe, aniandikie hapa. Nina shuka nyingi za bitana za kubadilishana.

BintiShela
Ninayo mawili, ya sebuleni, pamba. Yamepauka upande wa jua tu.

MwaniMalindi
Upande uliopauka nitaugeuza ndani. Nayataka.