Tupeane uzoefu: nani alishang'atwa na kupe au papasi akaumwa?

Habari zenu wadau. Niko Nachingwea, nimeanzisha uzi huu sababu huku kwetu homa ikipanda tu inaitwa malaria, kipimo kikitoka hakina kitu unapewa panado unarudi home, hakuna anayekuuliza kama uling'atwa na mdudu. Mdogo wangu anachunga ng'ombe, juzi tumemkuta na kupe kinenani amejaa damu. Nikasoma habari za Lyme, ugonjwa wa Marekani unaoletwa na kupe, wasiwasi ukazidi. Aliyepitia ashushe, ilikuwaje na anajikinga vipi.

Mfugaji wa Kilwa: Mkuu hayo yalinikuta. Kupe alining'ata nyuma ya goti, baadae pakawa na kidonda chenye kigaga cheusi katikati, mitoki ya kinena ikavimba, homa na kichwa balaa. Malaria hakuna. Bahati nilikuta daktari mtu mzima akaniambia vua suruali nikuone, alipoona kile kigaga tu akasema hii homa ya kupe, akaniandikia doksi (doxycycline, dawa ya kuua bakteria) nikapona. Sasa hivi nikitoka kuogesha ng'ombe au kupita majani marefu najikagua mwili mzima, kwapani, kinenani, nyuma ya masikio, na mtoto namkagua mpaka kichwani. Wakuu tusione aibu kukaguana.

Ticha Masasi: Mimi niling'atwa na papasi, ila sio huku, nilikuwa nafundisha Dodoma upande wa Mvumi. Nyumba ya udongo, nyufa ukutani, papasi wanakaa humo mchana, usiku wanatoka wanakunyonya kama nusu saa wanarudi zao hata hujashtuka. Homa ilinipiga siku kadhaa ikaacha yenyewe nikajua nimepona, baada ya wiki ikarudi vilevile. Walivyochukua damu wakati homa iko juu ndo wakaviona vijidudu kwenye darubini. Hao ni ndugu na wale wa Lyme, wote ni bakteria wa jamii ya Borrelia. Wajawazito muwe makini sana, homa hii inaharibu mimba. Kinga yangu ilikuwa kuziba nyufa, kupiga sakafu ya simenti, kulala kitandani na chandarua umekichomekea vizuri chini ya godoro.

Binti wa Mikindani: Salamu kutoka Connecticut, Marekani, kaka usiogope Lyme kwa mdogo wako kama hajatoka huko, kupe wanaoibeba wako Marekani, Ulaya na baadhi ya nchi za Asia. Mji wenyewe wa Lyme uko jimbo hili, 1975 kina mama walianza kuhoji mbona watoto wengi wanavimba magoti. Kupe mchanga wa huku ni mdogo kuliko punje ya ufuta, ndo maana anapita bila kuonekana. Kwa kawaida mpaka akuambukize lazima awe amekung'ang'ania zaidi ya masaa 24, kwa hiyo ukimtoa mapema umejiokoa, na daktari anaweza kukupa dozi moja ya doksi ndani ya masaa 72 baada ya kumtoa. Chanjo ya Lyme ilikuwepo 1998, 2002 ikatolewa sokoni wateja wachache. Nyingine ya kampuni za Valneva na Pfizer iliingia majaribio ya hatua ya tatu 2022. Kuna watafiti wanawawekea panya wa porini chambo chenye chanjo ili kupe wasiokote vijidudu kwao, hiyo mi imenifurahisha kweli. Na nguo za shambani zinawekwa permethrin, jamii ileile ya dawa za vyandarua vyetu.

Mwanzisha uzi: Shukrani dada. Bibi anataka tumpake kupe mafuta ya taa aachie, ni sawa?

Mfugaji wa Kilwa: Hapana, hiyo inamchelewesha tu, na usimchome moto wala kumminya tumbo. Kibano chembamba, mshike karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu moja kwa moja bila kuzungusha, osha kwa sabuni au spiriti. Andika tarehe, dogo akipata homa wiki mbili hizi mpeleke zahanati na uwaambie kabisa aling'atwa na kupe, wasipouliza sema wewe.