Mtafsiri kamtaja muuaji hata meli haijaondoka! Nirudishiwe buku langu

Wakuu, nina hasira tangu jana usiku, mtanivumilia.

Jana nilipita kibandani kutafuta muvi ya kuangalia na bi mkubwa. Kiingereza hakipandi kwake, ila visa vya makachero anavipenda kufa, kwa hiyo nikaomba Death on the Nile iliyotafsiriwa. Siyo ile ya 2022 waliyoipigia Uingereza na Moroko. Nasemea ya 1978, ya mwongozaji John Guillermin, ambayo walikwenda Misri kweli, unaiona Aswan, unaiona Abu Simbel. Bi mkubwa alishakaa mkao wa kula, hasa nilipomwambia maji ya huo Mto Nile yanaanzia huku kwetu ziwani.

Kwa asiyeijua: binti tajiri, Linnet, kaolewa na mchumba wa shoga yake. Wako fungate, wanapanda meli ya mvuke, na shoga aliyeporwa anawaandama kila waendako. Usiku mmoja Linnet anapigwa risasi ya kichwa akiwa usingizini. Humo melini karibu kila abiria alikuwa na lake naye, na kachero Hercule Poirot yumo. Saa mbili na dakika ishirini zote zinabebwa na swali moja: nani?

Sasa huyo mtafsiri. Watu hata melini hawajapanda, yeye keshatamka: "Huyu mnayemuona ndiye atakayeua." Bi mkubwa akanigeukia: "Sasa tunaangalia nini?" Sikuwa na jibu.

Laiti angeishia hapo! Poirot ana tabia moja: akimhoji mtu anamweleza jinsi ambavyo angeweza kuua, na sisi tunaonyeshwa hiyo dhana kama vile imetokea. Huyu ananyata, anaingia chumbani, anafyatua. Ni mzee wa watu anawaza tu. Mtafsiri hilo hakuling'amua. Kila ikija anapiga kelele, "Kamuua! Bibi kizee kamuua!" Linnet kauawa na nusu ya meli, na jamaa kasahau kabisa kwamba mwanzo alishamtaja mtu mwingine.

Halafu kuna pale Poirot anamkuta swila chumbani kwake. Pametulia, mzee kaganda, anagonga ukuta taratibu ili rafiki yake, Kanali Race, wa chumba cha pili amsikie. Mimi mwenyewe nimebana pumzi. Ndipo mtafsiri akaona ni wakati mwafaka wa kutangaza duka lake la kava za simu. Namba kaitaja mara mbili!

Na wale waigizaji, Bette Davis na Maggie Smith, je? Mmoja tajiri, mwingine mhudumu wake, wanachambana mwanzo mwisho. Ile ni mipasho, wakuu, ungeiweka kwenye taarabu watu wangetunza. Tafsiri yake: "Hapa wanaongea mambo yao." Poirot ni Mbelgiji, na humo ndani anawasahihisha wanaomwita Mfaransa. Mtafsiri naye kamwita Mfaransa mpaka mwisho.

Msinielewe vibaya, sina ugomvi na muvi za kutafsiriwa. Za ngumi wanazitendea haki, hata wakitia chumvi unacheka na roho yako. Hii si ya ngumi. Hii raha yake ni kutokujua, na wewe unalipwa uniongezee raha, siyo uniibie.

Leo asubuhi nimerudi na fleshi yangu. Kijana wa kibandani kaniangalia, kacheka: "Bro, si umeokoa muda?" Hela hajarudisha.

Mwenye ile yenye maandishi ya Kiswahili chini aje inbox, nitalipa. Ila haraka, maana bi mkubwa nimemdanganya kwamba mtafsiri alikosea, muuaji ni mwingine kabisa, ndiyo kakubali kukaa tena Jumamosi.