Soko la mtandaoni limefuta mfuko wa fidia: mashine ya boti iliyoko Malindi ilipiweje?

Bahari_Amu

Assalaam aleikum wanajukwaa. Soko la mtandaoni ambalo wengi huku Amu (Lamu, Kenya) hununulia vyombo vya uvuvi limetangaza kuufunga mfuko wa fidia wa waliotapeliwa. Kuanzia mwezi ujao ukilipa na mzigo usije, watamfungia mwizi akaunti, basi. Kuna mashine ya boti, Yamaha ya nguvu farasi 15, iko Malindi, muuzaji anataka sh. 180,000. Naomba kujua mambo matatu: malipo yaliyofanywa kabla ya mfuko kufungwa yanahesabiwaje, pesa ipite njia gani, na mambo yakiharibika mtu abishe hodi wapi?

Kasha

Wa aleikum salaam ndugu. Tenganisha kwanza fidia na amana. Fidia ni soko kukulipa kwa pesa yake baada ya wewe kuibiwa. Amana ni soko kuishika pesa yako mpaka ukubali kuwa mzigo umefika. Soko laweza kufuta fidia na amana ikabaki, kwa hivyo lisome tangazo lote, usiishie kichwa cha habari. Amana ikiwa bado ipo, hujapoteza kikubwa.

Na mfuko wenyewe haukuwa ngao kama watu walivyodhani. Mifuko ya namna hii huwa na kikomo cha kiasi, siku za kudai, na sharti kwamba pesa ilipitia ndani ya mfumo. Aliyemtumia muuzaji M-Pesa kwenye namba yake moja kwa moja kwa kawaida huwa nje ya fidia toka mwanzo. Kinachoichosha mifuko hii ni madai ya uongo: mnunuzi na muuzaji ni kundi moja, wanauziana hewa, mmoja analia, kisha wanagawana.

Kuhusu malipo ya zamani, angalia tangazo linataja tarehe ipi: ya kulipa, ya mzigo kutakiwa kufika, au ya kufungua dai. Hizo ni tarehe tatu tofauti. Kama ni ya kufungua dai, mwenye mzigo uliochelewa afungue leo, asikubali kubembelezwa na muuzaji kwamba "subiri wiki moja tu". Mzigo ukija baadaye, dai utalifunga. Lakini mlango wa kudai ukishafungwa, haufunguki tena.

Tumbe

Kanuni yangu ni moja: pesa ilipiwe palipo na mali, si palipo na mnunuzi. Mabasi yanaishia Mokowe, upande wa bara, hapo mzigo unashushwa na kuingia boti mpaka mjini. Ofisi ya vifurushi haitakuruhusu kufungua mzigo na kuijaribu mashine kabla ya kusaini. Ukilipa ukiwa Amu, umelipia kasha lililofungwa kamba.

Kwa hiyo mtafute fundi wa mashine wa Malindi asiyejuana na muuzaji, mlipe yeye kazi yake. Muuzaji apewe arubuni ndogo, tuseme sh. 5,000, ili asiiuze kwa mwingine. Fundi aiangalie na kuijaribu. Akiridhika anakupigia video, unatuma baki hapo hapo, na yeye mwenyewe anaibeba mpaka kituo cha basi. Tangu sekunde ya malipo mashine iko mikononi mwa mtu wako. Ukimwachia muuzaji aipeleke basini, kazi yote ya ukaguzi imekwenda bure, maana inaweza kupakiwa nyingine.

Fundi_Kibaoni

Nyongeza kwa huyo fundi. Kibati cha namba kiko kwenye bano linaloshika boti. Atazame ribiti zake: zikiwa mpya kwenye mashine kuukuu, kibati kimehamishwa. Yamaha huwa na namba nyingine iliyogongwa kwenye kizibo cha duara upande wa bloku. Namba hizo mbili zisipoafikiana, au kizibo kimesagwa, aondoke. Mashine ya wizi ukikutwa nayo inachukuliwa, na pesa yako hairudi.

Kisha akague gia: afungue skrubu ya chini kidogo, mafuta yakitoka meupe kama maziwa, maji yameingia, sili zimekwisha. Apime kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya silinda zote mbili. Tofauti ikizidi kama asilimia 15, bei ishuke sana au aiache. Mwisho aiwashe ndani ya pipa la maji, dakika kumi, si mbili. Ikojoe maji, yale ya kuipoza, mfululizo. Mashine inayokojoa baridi na kukauka ikipata moto ina njia za maji zilizoziba chumvi, na hilo halionekani kwenye video ya nusu dakika.

Kabla ya kuipakia, petroli yote imwagwe, kwenye kabureta pia.

Pwani_Biashara

Mnamtetea mnunuzi peke yake. Muuzaji naye anatapeliwa, sana. Ujumbe wa M-Pesa wa kughushi hutoka kwenye namba ya kawaida ya simu, wa kweli huja kwa jina MPESA. Hata ukija kwa jina, usiutegemee: fungua *334# utazame salio. Mzigo usisogee kabla ya hapo.

Halafu kuna wanaolipa kweli, wakaondoka na mali, kisha wakaupeleka ujumbe wa muamala kwa 456, namba ya Safaricom ya kurejesha pesa, wakidai wamekosea namba. Marejesho yanategemea pesa iwe bado iko. Muuzaji mwenye akili anahamisha pesa kwenda benki kabla ya kukabidhi, na anaandikishana.

Arubuni nayo ielezwe mapema: mnunuzi akighairi inapotea, fundi akikuta kasoro iliyofichwa inarudi. Ugomvi mwingi huanzia hapo.

Bahari_Amu

Shukran. Muuzaji anasema tulipe nje ya mfumo, anapunguza mpaka 170,000 kwa kuwa soko linamkata asilimia. Na pesa nzima inaingia kwa mara moja?

Kasha

Inaingia. M-Pesa tangu Agosti 2023 inaruhusu hadi sh. 250,000 kwa muamala mmoja. Ila tazama jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri: lisipolingana na kitambulisho chake, futa. "Ni namba ya shemeji yangu" si jibu.

Hiyo punguzo ya 10,000 ndiyo bei ya amana yako. Kama fundi atakuwepo na mashine inakabidhiwa mkono kwa mkono, chukua punguzo. Kama inatumwa bila mtu wako, lipia ndani ya mfumo hata ikiwa ghali.

Karani

Kuhusu mlango wa kubisha. Ipo njia ya polisi na ipo ya mahakama, msizichanganye. Polisi unaandikisha, unachukua namba ya OB, kitabu cha matukio cha kituo. Kosa ni kujipatia mali kwa udanganyifu, kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo hadi miaka mitatu. Njia hiyo inamwadhibu mtu, haikuhakikishii pesa.

Pesa hudaiwa Mahakama ya Madai Madogo, chini ya sheria ya 2016: madai hadi sh. 1,000,000, hulazimiki kuwa na wakili, na sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60. Uliza dawati la mahakama iliyo karibu wakuelekeze pa kufungulia.

Wengi hukwama kwenye kumpata mdaiwa. Mahakama inataka jina halisi na mahali anapoishi ili apelekewe hati. Jina la akaunti halitoshi. Kwa hiyo nakala ya kitambulisho ichukuliwe siku ya kukagua, pamoja na karatasi ya mauziano yenye namba ya mashine, bei, sahihi na shahidi kila upande. Mazungumzo msiyafute kwenye simu. Picha za skrini zikipelekwa kama ushahidi huhitaji cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza zilitoka kwenye kifaa gani na nani alizitoa. Na tangazo la muuzaji lihifadhiwe sasa hivi, kwa sababu soko likifunga akaunti yake, tangazo nalo linaondoka.

Bahari_Amu

Nimeelewa. Karatasi tutaiandika kabla ya arubuni au baada?

Karani

Kabla. Arubuni iandikwe ndani yake.